Damu Isiyong'aa

Kwa mara ya tatu wiki ile, damu yangu haikung'aa.

Nilikuwa nimeketi mbele ya mashine ya leza katika chumba cha chini cha maabara yetu mjini Guangzhou, Alhamisi moja ya Julai 2009, nikikitazama kioo cha kompyuta kana kwamba macho yangeweza kukisukuma kile kilima kuelekea kulia. Mashine ile huzipitisha seli moja moja mbele ya mwali wa mwanga. Seli iliyoshikwa na kingamwili yetu, ambayo tumeifunga rangi, hung'aa na kuhesabiwa upande wa kulia. Isiyoshikwa hubaki gizani, kushoto. Zikishapita kwa maelfu, huchora kilima. Kilima changu kilikuwa kimejikalia kushoto, laini, hakina habari na mtu.

Kingamwili hiyo ilikuwa kazi yangu ya miaka miwili. Ile ya awali ilitolewa na seli za zamani zenye asili ya panya, na seli hizo zilikuwa zimeanza kuchoka: leo zinatoa nyingi, kesho kidogo, keshokutwa zinatoa kitu kingine kabisa. Nilizisoma jeni zake kabla hazijapotea, nikaziunda upya, nikazipandikiza katika seli changa zinazokuzwa ndani ya tangi, ili kingamwili ile ile ya ukoo mmoja iweze kutengenezwa leo, na hata baada ya sisi sote kuzeeka, bila kubadilika. Kazi yake ni moja tu: kukitafuta kipokezi fulani kilichochomoza juu ya uso wa seli nyekundu za damu, na kukishika. Kipokezi hicho ndicho mlango ambao aina moja ya vimelea vya malaria huutumia kuingia ndani ya seli. Nilikuwa na ndoto, na sioni haya kuitaja: mpangilio wa jeni zile ukishatangazwa bure, mtafiti yeyote, hata wa kwetu, angeweza kujitengenezea kingamwili hiyo bila kumpigia mtu magoti.

"Bertila," Profesa Liang alisema nyuma yangu. Alikuwa na koti la safari mkononi. Jioni ile angeruka kwenda Beijing, kurudi Jumamosi. "Kingamwili isiyoshika kitu ni maji."

"Labda rangi imeharibika, Profesa."

"Rangi umeibadilisha mara mbili." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha. "Jumatatu kamati inachagua zipi zitengenezwe kwa wingi. Isiyochaguliwa, tangi lake linazimwa. Tangi likizimwa, sina mradi wa kukuombea muda."

Muda aliousema ulikuwa viza. Yangu ya masomo ilikuwa ikiisha pamoja na Agosti, na bila mradi chuo kisingeniombea nyingine. Katika majira yale hilo halikuwa jambo dogo. Polisi walikuwa wakipita majengo wanamoishi na kufanyia biashara Waafrika, wakikagua pasipoti sokoni, kwenye lifti, hata mezani watu wanapokula. Kila Jumapili baada ya misa tuliulizana nani hajaonekana, na kila Jumapili jibu lilizidi kuwa refu.

Profesa alipoondoka, Xiaowen, mwanafunzi mwenzangu wa meza ya jirani, alikishika kidole changu cha pete akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa na vitobo kama chujio la chai.

"Leo choma changu," alisema. "Ukiendelea hivi, utafika Jumatatu ukiwa mkavu."

Ilikuwa desturi ya maabara yetu. Aliyehitaji seli nyekundu zenye kipokezi hakwenda benki ya damu kupanga foleni. Alijichoma kidole mwenyewe. Wanafunzi wote waliopita pale kabla yangu walifanya hivyo, na damu zao ziling'aa. Mimi, wa kwanza kutoka Afrika katika maabara ile, niliipokea desturi kama nilivyopokea koti jeupe na ufunguo wa kabati: bila kuiuliza swali.

Tone la Xiaowen likapita mbele ya leza. Kilima kikainuka upande wa kulia, chote, kirefu, kinang'aa kama bati jipya. Xiaowen akapiga kofi moja. Mimi sikupiga.

Kwa maana nilikuwa nimesoma, tena zaidi ya mara moja, kwamba watu wengi wa Afrika hawana kipokezi hicho kwenye seli zao nyekundu, na ndiyo sababu aina ile ya malaria huwapita. Nilikuwa hata nimeipigia mstari sentensi hiyo. Niliisoma kama habari za watu wengine, watu wa kwenye majedwali. Haikunipitia akilini kwamba mmoja wao alikuwa ameketi pale pale akiisoma, mtoto wa Mbinga, kalamu mkononi.

Nilimpata Profesa kwa simu kabla hajapanda ndege.

"Inawezekana," alisema, nami nikamsikia akifikiri katikati ya makelele ya uwanja wa ndege. "Lakini mmoja anang'aa, mmoja hang'ai. Kamati itasema umechanganya mirija. Niletee watu wengine wa kwenu, watatu, wanne. Tone la kidole, kwa hiari yao, bila majina. Wakiwa giza wote, nitasimama nayo."

Watu wengine wa kwetu. Wanafunzi wenzangu wa bweni walikuwa wamekwenda likizo. Waafrika waliobaki Guangzhou walikuwa wale ambao maisha hayakuwapangia likizo.

*

Ijumaa asubuhi nilishuka metro kituo cha Sanyuanli, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, nikiwa na kiboksi cha barafu begani. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita, na joto lilikuwa likipanda kutoka lami kama pumzi ya mgonjwa. Ofisi za mizigo zilikuwa zimeshusha milango nusu. Marobota yaliyofungwa utepe wa njano yalikaa kando ya njia bila mwenyewe. Siku za kawaida, mtaani pale Kiswahili hukufikia kabla hujamwona msemaji. Siku ile nilitembea mtaa mzima sikusikia hata salamu.

Nilimpigia Mama Calvin. Jina lake ni Getrude, mfanyabiashara wa nguo kutoka Morogoro, nami nilimfahamu kwa sababu kanisani hukaa benchi la mbele yangu na kunipitishia peremende wakati wa mahubiri.

"Panda," alisema. "Lakini usigonge. Kugonga wanagonga wao. Kwaruza."

Nikakwaruza mlango kwa kucha kama paka. Komeo likasogezwa, nikavutwa ndani. Chumba kilikuwa na pazia zito, feni moja, na marobota mpaka darini. Mama Calvin alikuwa ameketi juu ya robota akikunja suruali za watoto. Agustino, kijana wa Mbeya anayenunua simu na chaja, alikuwa amelala sakafuni ameweka miguu ukutani. Viza yake ilikuwa imekwisha akisubiri kontena lijae. Pembeni alikuwapo Thadeo, mtu mkimya, ambaye pasipoti yake ilikuwa kwa wakala aliyeahidi kuishughulikia na tangu hapo hapokei simu. Katika chumba kile aliyekuwa na viza hai ni Mama Calvin peke yake, na tiketi yake ya kurudi nyumbani ilikuwa ya Jumapili.

"Karibu, daktari," Agustino alisema bila kushusha miguu. "Umetuletea aiskrimu?"

"Sijawa daktari, kaka Agustino. Nimekuja kuomba damu."

 Agustino akacheka mpaka akakaa kitako.

"Mmemsikia? Viza wametunyima, sasa wamemtuma dada yetu aje achukue na damu!"

Nikawaeleza. Nilijitahidi kueleza bila kupunja kitu: kingamwili, kipokezi, kidole changu, kamati ya Jumatatu. Thadeo alinisikiliza akitazama kiboksi. Mama Calvin aliendelea kukunja suruali, lakini mikono yake ilikuwa imepunguza mwendo.

"Nani aliyekutuma?" aliuliza.

"Profesa wangu, mama."

"Mchina?"

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo damu mtaipima ukimwi, mpeleke majibu polisi."

"Hapana, mama. Hatupimi kitu kingine."

"Wewe unaijua hapana yako, mwanangu. Hapana ya huyo profesa unaijua?" Akaiweka suruali chini. "Kuna mwenzetu alikwenda kupimwa hospitali kwa ajili ya kibali. Aliingia kwa mlango wa mbele. Hatujui alitokea mlango gani. Mzigo wake mpaka leo uko stoo."



"Siwezi kuahidi nisichokijua," nilisema. "Ninachokijua ni hiki: mirija haina majina. Tone nitaliosha mimi, litapita mbele ya mwanga mikononi mwangu, na litakalobaki nitalimwaga mimi. Asiyetaka, sitamlaumu."

"Na usipopata?" Agustino aliuliza.

"Septemba nitakuwa kama wewe."

Akanitazama. Kisha akanyoosha mkono kama mtu anayepimwa pete. "Basi choma. Ukija kujificha hapa, hatuna nafasi. Thadeo anakoroma."

Thadeo naye akatoa kidole chake. Agustino akatoka kwenda kukwaruza mlango wa jirani, akarudi na vijana wawili wa Kigoma waliokuwa bado wanatafuna mkate. Nikachoma, nikaweka alama, nikalaza mirija minne kwenye barafu. 

"Mimi usinisogelee," Mama Calvin alisema. Nikamshukuru hata hivyo, nikaaga.

*

Nilikuwa nimeshuka ngazi za ghorofa moja tu nilipowaona wakipanda: polisi wawili na mwangalizi wa jengo, mwenye shada la funguo kiunoni. Juu yangu nilisikia komeo likirudishwa taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Pasipoti," alisema polisi kijana.

Nikampa. Alilinganisha picha na uso wangu, akatazama viza, akaridhika. Nilikuwa tayari kupita alipokigusa kiboksi.

"Hii nini?"

"Vifaa vya chuo."

Akafungua. Moshi wa barafu ukatoka, na mirija minne ikaonekana imelala, myekundu, midogo kama kucha za mtoto.

"Damu? Ya nani?"

"Ya watu waliojitolea kwa utafiti."

"Wako mlango gani?"

Kichina nilijifunza madarasani, kwa walimu wapole, na katika sentensi zote nilizofundishwa hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Nilifikiria kusema kwamba damu yote ni yangu. Lakini mirija ilikuwa na alama nne tofauti, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

"Siwezi kukuambia," nilisema.

Polisi mkubwa alicheka puani, akapanda juu na mwangalizi. Nikawasikia wakigonga. Mlango wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ulikuwa wa Mama Calvin. Waligonga, wakagonga tena; funguo zikachakarishwa, na mwangalizi akasema mpangaji wa hapo alibadilisha kitasa, yeye hana ufunguo, na mtu hamna. Sikujua kama aliwahurumia wapangaji au alikuwa akiilinda kodi yake. Maji ya barafu yaliyoyeyuka yalikuwa yakinidondokea mguuni.

Wakarudi. Polisi kijana alikuwa na jasho juu ya mdomo na uso wa mtu aliyeanza kazi mapema mno.

"Sikiliza, mwanafunzi," alisema, karibu kwa upole. "Damu ya watu wasiojulikana haitembezwi mjini. Nionyeshe mlango, niwaulize wenyewe kama walitoa kwa hiari, kisha chukua kiboksi chako uende. Hutaki, kiboksi kinabaki kwetu."

"Niruhusu nimpigie profesa wangu."

Aliniruhusu. Simu ya Profesa iliita mpaka ikakata, alikuwa mkutanoni. Nikapiga tena. Ikakata tena.

Aliyoyasema polisi yule huenda yalikuwa sheria. Sikujua, na hata leo siwezi kumhukumu. Nilichokijua ni kwamba juu ya kichwa changu kulikuwa na mlango, na mkononi mwa polisi yule kulikuwa na kingamwili yangu, tangi langu, viza yangu. Kidole kimoja kingetosha. Nisingelazimika hata kusema neno.

"Mara ya mwisho. Mlango upi?"

"Siwezi," nilisema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, ikapanda ngazi zote. "Chukua kiboksi."

Akakichukua.

Sikuweza kuingia kwenye metro nikiwa vile. Nilitembea kuelekea kusini, nikaipita stesheni ya reli na masoko ya Liuhua, mpaka barabara ya Huanshi Zhonglu, mikono mitupu, nikirudia kichwani sentensi nilizopaswa kuzisema na kugundua kwamba kila moja ingemkamatisha mtu. Nilimpigia Agustino, simu imezimwa. Mama Calvin, imezimwa. Xiaowen alinipikia tambi jioni ile, nikazitazama zikipoa.

*

Jumamosi nilikuwa maabara nikisafisha meza iliyokwisha kusafishwa, simu ikaita.

"Uko wapi?" ilikuwa sauti ya Mama Calvin. "Niko langoni kwenu. Mlinzi ananitazama kama nimekuja kuliiba lango lenyewe. Njoo umwambie nimelikuta hapa hapa."

Nilikimbia. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya kisigino, pasipoti ameishika mbele ya kifua wazi kama kitabu cha nyimbo.

"Mama, umepitaje?"

"Kwa miguu na kwa Mungu. Nimekaguliwa mara mbili." Alishusha sauti. "Jana nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, kiatu mkononi. Sijui nilitaka kumpiga nani nacho. Ngazi zile husema kila kitu. Nikajisemea, huyu mtoto sasa hivi atanyoosha kidole. Hukunyoosha."

"Agustino na Thadeo?"

"Wamehama. Usiniulize wapi, sina moyo wako, mimi nikikaziwa macho na polisi nasema mpaka jina la ubatizo. Haya, twende. Mwenye viza ni mimi. Nichome kabla sijabadili mawazo."

Katika maabara alitazama kila kitu. Aliuliza panya wako wapi, akaambiwa hawako. Akaonekana kama aliyepunjwa haki yake. Nilipomvika koti jeupe juu ya gauni, Xiaowen alimpigia makofi naye akazunguka mara moja kama bibi harusi.

"Kidole hiki usiguse, napimia kitambaa," alisema. "Choma cha pete. Aliyenivisha ni marehemu, hatalalamika."

Nilichoma. Niliziosha seli zake, nikaziwekea kingamwili, nikasubiri, nikaosha tena. Sijawahi kuosha kitu kwa uangalifu namna ile. Nikaanza na damu ya Xiaowen: kilima kulia. Yangu: kilima kushoto. Kisha nikaweka mrija wa Mama Calvin, nikaomba moyoni kitu ambacho labda mtu hapaswi kukiomba, kwamba pasionekane mwanga wowote.

Kilima kikajichora katikati.

Hakikuwa kushoto pamoja na changu, wala kulia pamoja na cha Xiaowen. Kilisimama katikati kabisa, chembamba, hakikuyumba.  Giza ningelieleza. Mwanga ningeueleza, kwa shida. Katikati ilimaanisha kwamba nimeosha vibaya, kwamba mikono yangu ndiyo mibovu. Nikaanza upya, mrija mpya, kingamwili mpya. Mama Calvin alisubiri, pamba kidoleni. Kilima kikarudi pale pale.

Profesa Liang aliingia nikiwa bado nimekikodolea macho. Alikuwa ametoka moja kwa moja uwanja wa ndege, begi bado liko begani. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: Sanyuanli, kiboksi, ngazi.  Alimwinamia Mama Calvin kwa heshima, akavuta kiti, akakitazama kioo kwa muda mrefu.

"Umerudia?"

"Ndiyo, Profesa."

"Hiki cha katikati kina maana mbili," alisema hatimaye. "Ama umefanya uzembe mara mbili kwa namna ile ile, ama mama huyu amerithi kipokezi kwa mzazi mmoja tu, na seli zake zinacho nusu. Kama ni hilo la pili, kingamwili yako si hai tu, Bertila. Inahesabu. Watu wanne wa giza wasingenipa ushahidi kama huu." Akavua miwani. "Lakini siwezi kwenda mbele ya kamati na tumaini. Muulize kama katika ukoo wake kuna mtu aliyetoka mbali. Nje ya Afrika."

Nilimgeukia Mama Calvin.

Mwanamke yule alikuwa amevuka mji uliojaa polisi kuniletea tone la damu, na alichoahidiwa ni kwamba hakuna mtu ambaye angetaka kumjua yeye ni nani. Sasa nimuulize bibi yake alilala na nani.

"Hilo siwezi kumuuliza, Profesa," nilisema.

"Basi Jumatatu sina cha kukitetea."

"Najua."

"Ananiuliza nini huyu baba?" Mama Calvin aliingilia. Hakuwa akijua Kichina zaidi ya bei na kukataliwa, lakini alikuwa akinitazama usoni. "Usinifiche. Macho yako yamekimbia."

"Si kitu, mama. Amefurahi umekuja."

"Aliyefurahi haulizi kwa sauti ile. Sema."

Nikasema. Nililiweka swali kwa adabu yote niliyofundishwa na mama yangu, nikiongeza kwamba hana wajibu wa kulijibu, kwamba akinyamaza nitamsindikiza mpaka langoni na nitamshukuru vile vile.

 Aliitoa ile pamba, akatazama kidole kama kimekauka, akairudisha.

"Kwa hiyo hiyo mashine imemwona," alisema.

Nikakitazama kile kilima cha katikati.

"Mwambie hivi. Kimamba, kwenye mashamba ya mkonge. Bibi mzaa baba alikuwa mpishi wa Mgiriki. Alikuwa mdogo kuliko wewe. Hakuna aliyemuuliza kama anataka." Alikuwa akizungumza na kioo, si na sisi. "Baba akazaliwa na nywele za kuteleza. Majirani wakasema mtoto kachomoka kabla hajaiva. Mume wa bibi, mkata mkonge, akamchukua, akamwita mwanangu mpaka siku ya kuzikwa kwake. Yule mwingine nyumbani hatumtaji. Hata Calvin hajui."

Nilitafsiri sentensi kwa sentensi. Nilipofika pale ambapo hakuna aliyemuuliza, niliianza sentensi mara mbili. Profesa alisikiliza ameinamisha kichwa. Xiaowen alikuwa amegeukia dirisha.

"Mwambie namshukuru," Profesa alisema. "Mwambie nitasimama nayo Jumatatu, na tangi halitazimwa. Na wewe nitakuombea muda." Akachukua kalamu. "Nahitaji mstari mmoja tu wa maelezo. Hakuna jina, hakuna mahali." Akaandika, akanisomea: babu mmoja wa mtoaji alitoka kusini mwa Ulaya.

Nikamtafsiria Mama Calvin ili aridhie.

"Hapana," alisema. "Afute babu."

"Mama?"

"Babu yangu ni mkata mkonge. Alinibeba mabegani. Yule mwingine aandikwe aliyemzaa baba wa mtoaji. Basi, aishie hapo."

Profesa aliuliza kuna tofauti gani, kwa kuwa kwa sayansi ni mtu yule yule. Nilimweleza kwamba kwa sayansi ni yule yule, na kwamba damu ni ya huyu mama, kwa hiyo neno nalo ni lake. Alinitazama kidogo. Kisha akalikata neno lile kwa mstari mnyoofu, akaandika kama alivyoelekezwa, akamgeuzia karatasi ili aone kwamba limekatwa, ingawa asingeweza kulisoma.

"Kwa hiyo unabaki?" Mama Calvin aliniuliza.

"Nadhani nabaki, mama."

Aliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeingoja furaha hiyo kwa miaka miwili. Ilipofika, haikujua ikae wapi. Yeye bado alikuwa akikitazama kilima cha katikati, kama unavyomtazama mtu aliyeingia bila hodi na kuketi kwenye kiti cha mwenye nyumba.

"Mmemaliza naye?"

"Tumemaliza, mama."

"Basi zima."

Nikazima.